Bafu Likiziba, Nani Anaingiza Mkono?

Nina hoja moja tu safari hii, na siyo ya bumu kuchelewa wala foleni ya mgahawani. Ni hii: mwanafunzi wa chuo kikuu anayekimbilia chupa ya asidi kuzibua bafu, wakati kilichoziba ni fungu la nywele lililo umbali wa kiganja kutoka sakafuni, anajihatarisha yeye na wenzake kwa sababu hataki kuingiza mkono. Na huko kutotaka kuingiza mkono hakuzaliwa nako. Alifundishwa shuleni, na nitaeleza kwa namna gani.

Najua wapo watakaosema jarida la chuo siyo mahali pa kujadili tundu la bafu. Sawa. Lakini sisi tunaoishi mtaani tunajua mambo yanayogombanisha nyumba ni matatu: umeme, kufagia uwanja, na bafu. Umeme una mita, kila mtu anaona namba zinavyoshuka. Uwanja una zamu. Bafu halina mwenyewe.

Naishi Dodoma, kwenye nyumba ya kupanga. Tuko saba, wasichana wanne na wavulana watatu, kila mtu na chumba chake, bafu moja na choo kimoja uani. Bafu lina bomba la mvua linalofanya kazi siku maji yakiwa na nguvu. Siku nyingine ni ndoo na kopo. Ilikuwa kila baada ya wiki tano au sita maji yanaanza kugoma kushuka. Mwanzoni unaoga unayaona yamefika kwenye kisigino. Wiki inayofuata yako kwenye kifundo, yana rangi ya chai ya maziwa, na malapa yako yanaelea kama ngalawa. Hapo ndipo grupu la WhatsApp la nyumba linachangamka. "Wenye rasta mjitafakari." "Mimi naoga kwa ndoo, sihusiki." "Tuchange buku tatu tatu tuite fundi." Kisha kimya, siku mbili, tatu, kila mtu anaoga harakaharaka amesimama juu ya tofali.

Hili la rasta niliseme mapema maana linaniuma. Kila bafu likiziba, kesi inafunguliwa dhidi ya wasichana. Mimi bafu letu nimelizibua mara nyingi kiasi cha kuweza kukutajia vilivyomo kama mtunza stoo. Nywele za wasichana, ndiyo, na vipande vya rasta. Lakini pia ndevu, nyuzi za dodoki, karatasi za sabuni, pakiti za shampuu zilizochanwa pembeni, mchanga mwekundu kutoka kwenye viatu vinavyooshwa humo humo baada ya mechi, na mara mbili nimekuta wembe. Wembe hauna uhusiano wowote na rasta.

Ili uone kwa nini asidi ni njia mbovu lazima ujue chini ya kile kichujio kuna nini. Wengi wanadhani kuna bomba lililonyooka linaloporomoka mpaka shimoni. Halijanyooka. Maji yakiingia yanashuka kwenye kona iliyopinda kama shingo ya bata, yanapanda kidogo, ndipo yanakwenda kwenye chemba. Kwenye ile kona maji hubaki muda wote, kina cha sentimita tano hivi, na hayo yaliyobaki ndiyo mlango: yanazuia harufu ya shimo isipande bafuni, na mende pia. Mafundi wanaiita trapu. Aliyeichukulia hataza, kwa ajili ya choo cha kuvuta, ni fundi saa wa London aitwaye Alexander Cumming, mwaka 1775. Fundi saa! Nampenda huyu mtu kwa sababu hakuona kuwa choo ni chini ya hadhi yake.

(Kwa faida ya wanaokwenda nyumbani likizo ndefu: mkirudi mkakuta bafu linanuka shimo, mara nyingi halijaziba wala halijaharibika. Yale maji ya kwenye kona yamekauka tu. Mwaga makopo mawili ya maji, subiri. Usimpe mtu hela.)

Kona hiyo hiyo inayotukinga ndiyo inayonasa uchafu. Kilicho kizito kinatua hapo, mchanga kwanza. Kilicho kirefu kinajikunja hapo. Unywele mmoja hauzibi kitu, lakini ukikwama kwenye ukingo unashika wa pili, zinasukana zenyewe, na zikishasukana zinakuwa wavu. Wavu unashika sabuni. Na Dodoma sabuni ya kushika ipo ya kutosha, kwa sababu ya maji yetu. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima, vile vya Makutupora hasa, na maji ya ardhini huku yamebeba chumvi. Mgeni kutoka Bukoba au Mbeya anagundua siku ya kwanza: anapaka sabuni, anasugua, povu hakuna. Sabuni ikikutana na kalsiamu na magnesiamu inatengeneza utando mweupe usioyeyuka, ule unaouona umeganda kwenye ndoo yako kama ukoko. Ni mada ya kidato cha tatu, ugumu wa maji. Wote tuliosoma Kemia tuliifanyia mtihani. Utando huo ndio unaolala juu ya wavu wa nywele na kuufanya uwe kama donge la mafuta baridi.

Kwa hiyo kilichoziba ni nywele, utando wa sabuni na mchanga, pamoja na hivyo vikorokoro vingine. Shika hayo kichwani, twende dukani.

Kinachouzwa mtaani kwa jina la asidi kwa kweli ni vitu tofauti. Kuna asidi yenyewe, hidrokloriki au sulfuriki. Na kuna kostiki soda, ambayo siyo asidi kabisa, ni besi kali, ndiyo ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Muuzaji hakwambii ni ipi, pengine hajui, na chupa haina lebo kwa sababu ni chupa ya maji ya kunywa iliyookotwa. Wewe unalipa, unaondoka nayo kwenye begi moja na daftari.

Kostiki, tuitendee haki, inavunja protini ya nywele na inageuza mafuta kuwa sabuni. Lakini mchanga haiugusi. Rasta ndiyo kabisa: rasta siyo nywele, ni nyuzi za plastiki, zitakaa humo mpaka wajukuu wako waje kusoma hapa. Na kostiki ikikutana na mafuta mengi na maji machache, ile sabuni inayotengenezwa inaweza kuganda ndani ya bomba, ukawa umeziba pale ulipotaka kuzibua. Hidrokloriki nayo nywele haiziwezi. Inachokula vizuri ni saruji. Ule mchemko unaouona mtu akasema "eeh, inafanya kazi" ni sakafu ya mwenye nyumba inaondoka. Sulfuriki kali inaweza kula nywele, lakini ikikutana na maji inatoa joto la kurusha matone usoni. Maabara tunafundishwa kuimimina asidi polepole kwenye maji, na kamwe siyo maji kwenye asidi. Bafuni mtu akishamimina chupa anafuatisha ndoo nzima ya maji, tena kwa kishindo ili isukume.

Muhula uliopita, nyumba ya jirani, msichana wa mwaka wa pili alimimina asidi usiku. Haikuzibuka. Akaona aiongezee nguvu kwa blichi aliyokuwa akining'arishia nayo mashuka meupe. Alitoka mle akikohoa mpaka akakaa chini uani, hawezi kusema, macho yanamchuruzika. Tulimpeleka zahanati kwa bajaji, akapewa oksijeni, akalala huko. Wiki nzima kifua kilikuwa kinambana akipanda ngazi za ukumbi wa mihadhara. Kilichomtokea kina maelezo mafupi: blichi ikichanganyika na asidi inatoa klorini. Ni gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kutoka kwenye mitungi pale Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawaua askari ndani ya mahandaki. Ni nzito kuliko hewa. Haikimbilii dirishani, inakaa chini. Bafu la nyumba za kupanga, futi nne kwa tano, na dirisha lake ni tofali moja la matundu karibu na paa, sioni tofauti yake kubwa na handaki.

Na bafu lilikuwa bado limeziba. Siku ya tatu, baada ya kulimwagia maji mengi na kuacha mlango wazi mchana na usiku, tulilizibua kwa waya. Lilitoka fungu la nywele na kipande cha dodoki.

Nchi ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Siyo kwamba hakuna aliyelifikiria hili. Lakini mkaguzi hawezi kuingia kwenye kila bafu la uani, ambako chupa ya asidi imesimama dirishani jirani na chupa ya maji ya kunywa, zote za lita moja na nusu, zote nyeupe. Siku moja atapita mtoto wa mwenye nyumba mwenye kiu.

Upande wa pili kuna wale wa video fupi za kwenye simu: magadi soda na siki. Inachemka, inapendeza kwenye kamera. Kemia yake ni kwamba besi dhaifu na asidi dhaifu zinamalizana zenyewe, unabaki na maji, chumvi kidogo, na kaboni dayoksaidi iliyokwisha kupaa. Haimdhuru mtu. Nywele nazo ziko pale pale. Hiyo magadi bora ukapikie maharage.

Sasa mkono. Unahitaji glavu za mpira (zamani mtu angevaa rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019), bisibisi, hanga la waya ulilolinyoosha na kulikunja ncha kama ndoano ya kuvulia dagaa, kijiko kibovu, tochi ya simu, na ndoo. Chota kwanza maji yaliyosimama ili uone unachofanya. Fungua skrubu za kichujio, kinyanyue. Mara nyingi nusu ya tatizo imeshikamana na kichujio chenyewe kwa chini, inakuja nayo. Mulika kabla ya kuingiza vidole, kwa sababu ya zile nyembe. Kuna matundu ambayo ndani yake utakuta kikombe kilichofunikwa kifudifudi. Kinyanyue, kisugue, na ukirudishe. Nasisitiza kurudisha. Watu wanakitupa wakidhani ni uchafu au wakiona maji yanashuka haraka bila hicho, halafu nyumba inaanza kunuka na wanalaumu mji. Kikombe hicho ndicho kinachotunza yale maji ya mlango.

Kisha ndoano. Hapa watu wanasukuma, na kusukuma ni kulipeleka donge mbali zaidi, mahali ambapo hata fundi atalitafuta. Ingiza taratibu, zungusha kama unavyosokota tambi kwenye uma, vuta. Itakuja kitu kirefu, cheusi, kinachoteleza. Harufu yake ni ya yai bovu na nguo mbichi iliyosahaulika kwenye begi. Inaisha. Rudia mpaka ndoano itoke tupu. Mchanga uchote kwa kijiko. Ulichotoa kinakwenda kwenye ndoo na kutoka hapo jalalani, na siyo chooni, maana chooni utakuwa umehamisha tatizo mita tatu. Malizia kwa maji ya moto yenye sabuni kulainisha utando uliobaki, lakini yasiwe yanachemka: mabomba ya PVC yanalegea kabla maji hayajafikia kuchemka. Mwaga ndoo mbili kwa mpigo uone. Yakishuka kwa sauti ya kugugumia, umemaliza. Kama kwenye nyumba kuna ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, unasaidia kwa kilichobaki, mradi mdomo wake uwe umezama ndani ya maji.

Na kama choo nacho kinasuasua siku hiyo hiyo, au maji yanatokea juu kwenye chemba uani, acha. Hiyo siyo nywele. Hiyo ni kazi ya fundi, na kama kuna mtu alishamwaga kemikali, mwambie fundi kabla hajainama.

Dakika ishirini. Mara ya kwanza labda arobaini.

Rafiki yangu mmoja anayesoma uchumi ananipinga kwa heshima zote. Anasema kuna mgawanyo wa kazi duniani, yeye alete ujuzi wake, fundi alete wake, na fundi naye ale. Hoja nzuri, ila hajamuuliza fundi. Mimi nilimwamkia fundi bomba wa mtaa wetu, mzee wa makamo, nikamuuliza kama tukijizibulia wenyewe tunamnyima riziki. Alicheka. Alisema kuitwa kwa ajili ya nywele ni kupotezewa siku: anapanda bodaboda, anafanya kazi ya dakika kumi, anataja elfu kumi na tano, wanafunzi saba wanamzunguka kumwambia ni nyingi. "Mwanangu," akasema, "niite chemba ikijaa. Hapo tutaheshimiana." Tena ufundi wake anauheshimu mno. Kwake kulinganisha kazi ya kupima mteremko wa bomba na kazi ya kuvuta nywele ni kama kumwambia daktari akukate kucha.

Na huo mgawanyo wa kazi tukiuangalia vizuri, nani hasa amegawiwa? Kwenye nyumba nyingi ninazozijua, anayeishia kuinama ni yule asiyeweza kukataa: dada wa kazi wa mwenye nyumba, au msichana wa mwaka wa kwanza ambaye bado anaogopa kuonekana mjeuri. Wavulana wa kwetu siyo watu wabaya. Watapanda juu ya bati kugeuza dishi, watafungua soketi inayotoa cheche bila kuzima umeme. Lakini tundu la bafu, eti hayo ni mambo ya usafi. Yaani kazi ikiwa na bisibisi ni ufundi, ikiwa na nywele ni usafi, na usafi una jinsia. Bisibisi si hii hapa, kaka zangu? Skrubu nne.

Tuliweka zamu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa kufuata namba za vyumba. Ubishi ulikuwepo, hasa kwa wanaooga kwa ndoo. Kaka wa chumba namba tano alifanya ya kwanza amejifunga kitambaa puani kama daktari wa upasuaji, akatoa kitu chenye urefu wa mkono, akapiga picha akaiweka kwenye grupu bila maelezo. Siku hizi yeye ndiye mkali kuliko wote. Ukiacha nywele zimebandikwa ukutani baada ya kuosha kichwa utamsikia kutoka uani. Tangu zamu ianze maji hayajawahi kufika kwenye kifundo.

Nilisema kutotaka kuingiza mkono kumefundishwa. Sasa nifike huko, maana hili ndilo linalonihusu kama mwalimu mtarajiwa.

Wanafunzi wa elimu wote tumesoma Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967. Tunalijibia maswali, tunataja mashamba ya shule, ujamaa, elimu ya msingi iliyojitosheleza, tunapata alama zetu. Mle ndani kuna sehemu watu wanaipita haraka. Mwalimu analalamika kwamba shule zinaajiri watu wa kusafisha na kutunza bustani, siyo kuwaelekeza wanafunzi, bali kuwafanyia, mpaka vijana wakubwa kabisa wanazoea kuoshewa vyombo na kusafishiwa vyumba. Kisha anauliza kama kazi hizo haziwezi kuingizwa kwenye mafundisho yenyewe, watu wajifunze kwa kuzifanya. Aliuliza swali hilo zaidi ya nusu karne iliyopita.

Shule zetu hazikukataa. Zilifanya kitu kibaya zaidi kuliko kukataa. Zilizifanya hizo kazi kuwa adhabu. Fikiria ulikosoma wewe. Nani alizibua mfereji wa bweni? Aliyechelewa namba. Nani alisugua choo? Aliyekutwa na simu. Miaka sita ya sekondari mtoto anaona kwa macho yake kwamba anayeinama kwenye tundu la maji machafu ni mkosaji, na wenye tabia njema wanapita pembeni wamebeba vitabu. Halafu tunashangaa kwamba akiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye bafu lake mwenyewe, anaona bora amimine sumu kuliko kuinama. Kwake kuinama ni kukiri kosa.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tatu, na mada ikawa ugumu wa maji. Nililingisha maji ya bomba na maji ya mvua yaliyotunzwa kwenye pipa, nikawapa sabuni ya mche, wakatikisa chupa na kupima povu kwa rula. Kisha nikawaomba kila kundi linikwangulie utando wa kwenye ndoo zao za bwenini. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki mbili hakuwa amefungua mdomo, akanyoosha mkono: "Madamu, kwa hiyo ndiyo hii inayoziba bafu letu?" Jioni tulikwenda kulifungua, darasa zima limejazana mlangoni, wakagombania kushika ndoano. Hakuna aliyekuwa na kosa. Kesho yake ofisini mwalimu mmoja mwenyeji, mtu mzima ninayemheshimu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, unawafundisha sayansi au unawafundisha kusafisha vyoo?" Nilimjibu kwamba bado sijaona mpaka uko wapi. Sijui kama nilimridhisha. Ila mtihani wa mwezi swali la utando wa sabuni walilijibu vizuri kuliko mengine yote, na picha ya ile kona ya bomba walichora wenyewe, sikuwaambia.

Kwa hiyo ninaposikia mipango ya kuwarudisha wanafunzi kwenye stadi za mikono nafurahi, lakini naangalia kitu kimoja: je, shule itaendelea kuitumia kazi hiyo hiyo kama kiboko? Huwezi kumpa mtoto stadi Jumatatu na kumwadhibu kwayo Jumanne. Wenzangu tunaotoka mwaka huu kwenda kufundisha, hilo liko mikononi mwetu bila kusubiri waraka wowote. Mtoro mtafutie adhabu nyingine.

Kwa serikali ya wanafunzi nina ombi dogo la bei rahisi. Wizara ya malazi inapopita kukagua nyumba za mtaani kabla ya kuziweka kwenye orodha, fomu wanayotembea nayo inauliza umbali, umeme, maji, ulinzi na mlango wa geti. Ongezeni mstari mmoja: kichujio cha bafu kinafunguka? Nyumba nyingi kimezikwa ndani ya saruji, hakina skrubu, hakinyanyuki, na mtu aliyefungiwa mlango wa mkono atatafuta chupa hata kama anajua madhara yake. Chetu kilikuwa hivyo hivyo mwanzoni, nikawa napitisha waya kwenye tundu moja baada ya jingine kama mtu anayechokonoa meno. Mwenye nyumba tulimwomba mara tatu. Tulimweleza habari za kifua na klorini, akasikitika, akasema ataangalia. Alikubali siku tulipomwonyesha picha ya sakafu ya jirani ilivyoliwa na asidi. Kichujio kipya cha skrubu nne alikileta kesho yake, na fundi alikifunga kwa nusu saa. Bisibisi yake inaning'inia nyuma ya mlango wa bafu. Tumeifunga kwa kamba, kwa sababu ile ya kwanza ilikwenda kugeuza dishi na haikurudi.